Nilimwambia Kaka Ajikaze

Kaka yangu alikuwa mtu wa kwanza kijijini kwetu, huku juu Upare ya Kusini, kusomea shahada ya pili. Miaka ile ya Ujamaa mtu kama yeye hakuwa mtoto wa mama yake peke yake. Siku aliyoondoka, wazee wa usharika walikuja kumwombea, na balozi wa nyumba kumi akamwambia, "Nenda ukatusomee sisi sote."

Utafiti wake ulimrudisha karibu na nyumbani. Alipangiwa kijiji kipya kule tambarare, upande wa Lembeni, awaulize watu waliohamishiwa pale wanaishije. Wengi walimkwepa wakidhani ametumwa na serikali. Bibi mmoja alimpeleka shambani, akamwonyesha mahindi yaliyokauka yangali machanga. "Andika hayo," akamwambia. Kaka akayaandika. Mwalimu wake chuoni akairudisha sura yenye habari hizo mara mbili, akisema ina kosa.

Alipopanda kuja kupumzika, alikuwa amekonda. Asubuhi alikaa mezani na karatasi. Jioni karatasi ilikuwa nyeupe vilevile, na makande ya mama yamepoa pembeni. Siku moja tukichuma maharage aliniambia, "Mdogo wangu, nikishika kalamu moyo unanienda mbio. Sijui kama nitaweza."

Sikuinua hata kichwa. "Jikaze, kaka. Kijiji kizima kinakutegemea wewe."

Hakuligusa tena jambo hilo. Akarudi chuoni.

Mvua za vuli zilipokwisha ikaja telegramu kutoka chuoni: mgonjwa wenu achukuliwe. Baba alisafiri kumfuata, nami nikateremka Same kuwapokea stesheni. Baba alishuka kwenye treni amemshika kaka mkono, kama mtu anayevusha mtoto mtoni.

"Shikamoo, kaka."

Aliniangalia kwa upole, asiitikie.

Kijijini wengine walisema amerogwa, wengine wakasema vitabu vimemzidi. Mimi nilijua kwamba aliniomba msaada kwa maneno ya wazi, tena mchana kweupe.

Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Likizo iliyofuata nilimwomba mchungaji chumba cha darasa la kipaimara, nikawaalika vijana wetu waliokuwa vyuo vikuu. Walikuja wanne. Niliwasimulia habari za kaka, pamoja na jibu langu. Kisha binti mmoja aliyekuwa akisomea kilimo, naye kwa shahada ya pili, akasema, "Mwalimu, mimi huu ni mwezi wa tatu silali. Nyumbani nasema ni malaria."

Mwenzake akainama, akaanza kulia.

Tukaendelea kukutana kila likizo. Sikuwa daktari, nilichoweza ni kuwapa nafasi ya kusema, na kuwahimiza waandikiane barua warudipo chuoni. Nilipanda pia milima kwenda kwa wazazi wao. "Mtoto akifika," niliwaambia, "msimuulize kwanza atamaliza lini." Baba mmoja alinifukuza. "Wa kwenu amewashinda, sasa unakuja kuwaharibu wa kwetu?" Niliteremka kwake nikijikwaa.

Binti yule aliacha masomo mwaka mzima, akalima na mama yake, kisha akarudi akamaliza. Kaka hakurudi. Alichunga mbuzi wa baba, akatengeneza mifereji ya maji, akazungumza kidogo kidogo. Mara moja tu alikuja kwenye mkutano wetu, akakaa nyuma karibu na mlango. Nilipowaaga vijana, alinisubiri nje.

"Unawasikiliza vizuri," akasema.

Nikamwomba radhi hapo hapo, nikilia. Akanishika bega. "Na mimi nilitaka mtu aniambie nipumzike tu," akasema, akashika njia ya nyumbani.

Homa ya mapafu ilimchukua msimu wa baridi, kabla hajafika miaka arobaini. Mama alikataa karatasi zake zichomwe. Nilizifunga kwa kamba ya katani, nikaziweka darini. Sura ile ya bibi wa mahindi nimeisoma mara nyingi. Sioni kosa lake.