Paa la Kuazima

Nakumbuka mchana ule gavana alipoitazama kamera akasema yeye hamjui Arkadi. Mwezi mmoja kabla, mwanangu, gavana huyohuyo alimvisha nishani mbele ya macho yangu.

Nilikuwa mwanafunzi Urusi, na siku zisizo na masomo niliwatafsiria wafanyabiashara. Arkadi alianza kwa kuwatisha wachuuzi wa sokoni. Miaka michache baadaye bandari ilikuwa yake, na hakimu alimwamkia kwanza. Vijana wake wakiingia dukani kwako waliuliza jambo moja tu: "Paa lako nani?" Kwa lugha yao ya mtaani, paa ni mkubwa anayekukinga.

Siku moja walikuja bwenini na karatasi. Walitaka jina la mgeni liandikwe kama mkurugenzi wa kampuni ya mbao. Wakamuuliza Juma wa Tanga, niliyeishi naye chumba kimoja, paa lake ni nani. Nikamtafsiria neno kwa neno. Juma akacheka.

"Waambie tunalo, ila linavuja juu ya kitanda changu!"

Kisha akanigeukia. "Unaonaje, ndugu yangu?"

"Ni sahihi tu," nikamwambia. "Nani atamgusa Arkadi?" Nikampa kalamu yangu.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Arkadi aligombana na gavana juu ya bandari, na kabla ya theluji kuyeyuka alikuwa na pingu. Wapelelezi walipofungua majalada ya kampuni, hawakukuta jina lake popote. Walikuta la Juma. Walimchukua asubuhi, chai yake ikiwa bado ya moto.

Jumapili ulinijia hapa mtaani kwangu, Handsworth, na fomu ya kampuni ya yule bwana anayejisifu kwa marafiki zake wakubwa. Ukaniambia, "Mjomba, relax, ni jina tu." Sauti niliyoisikia ilikuwa yangu, ya siku ile bwenini.

Nguo ya kuazima haisitiri, sembuse paa. Likiporomoka, mwenyewe keshatoka. Anayefukiwa ni mpangaji. Usimpe mtu jina lako akajifichie. Babu yako alilitunza likiwa safi hadi likakufikia.

Mola akujalie nyumba yako mwenyewe, hata ya chumba kimoja, na akusitiri ndani yake.

Fomu yako iko mezani kwangu, haijatiwa sahihi. Juma hajaonekana hadi leo. Mama yake, kila nikipiga simu Tanga, huniuliza nani alimshauri mwanawe.