Karatasi ya Therese Mlangoni

Mwalimu Immakulata Habonimana amefundisha uandishi na fasihi katika chuo cha wananchi mjini Kasulu kwa miaka ishirini na miwili, na hadi mwaka jana alikuwa hajamwomba radhi mwanafunzi hata mmoja. Si kwa jeuri. Alikuwa hajakosea, au ndivyo alivyoamini. Baba yake alivuka kutoka Burundi akiwa na jembe na Biblia, akalima Rungwe Mpya mpaka akafa raia wa huku, na bintiye alikua akiamini kwamba mtu asiyejieleza kwa kalamu yake ataelezwa na wengine, tena vibaya.

Wanafunzi wake ni watu wazima: mafundi cherehani, waendesha bodaboda, akina mama walioacha shule kwa mimba. Kila Jumatatu mwalimu huchagua insha iliyo bora na kuibandika kwenye mlango wa darasa. Hiyo ndiyo tuzo, na usiidharau. Fundi Nsabimana, mwanamume wa miaka hamsini na miwili, alipobandikwa mara ya kwanza alimleta mkewe kutoka Buhigwe aje aone kwa macho yake, na wote wawili wakasimama pale mlangoni wamevaa nguo za kanisani.

Mwaka jana alikuja Therese, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, aliyepata kibali cha kutoka kambini kila Alhamisi. Insha yake ya kwanza kuhusu maisha yake ilikuwa kavu: mwaka aliokimbia, jina la kijiji, idadi ya watoto, mmoja, Benita. Watu wa kambini wamehojiwa mara nyingi hata kila mmoja ana maelezo yake aliyoyashika kwa moyo, nayo hayabadiliki, maana ukigeuza neno moja faili lako linaanza kutiliwa shaka. Immakulata alilijua hilo, akalipuuza. Aliandika chini kwa kalamu nyekundu: "Mtu yuko wapi humu? Andika ilivyokuwa."

Therese akaandika ilivyokuwa. Aliandika kwamba njiani kutoka Fizi alimkuta mwanamke amelala kando ya barabara, anakata roho, na kifuani ana kitoto cha miezi michache. Kwamba mwanamke yule hakuweza kusema, alikisukuma tu kile kitoto upande wake kwa kiwiko. Kwamba yeye Therese hajazaa maishani, na kwamba Benita, ambaye sasa ana miaka kumi na sita, hajaambiwa.

Mwalimu aliisoma jikoni kwake huku maharage yakiungua, akalia. Jumatatu akaibandika mlangoni. Hakumuuliza mwenyewe. Ungemdadisi siku ile angekwambia anampa mtu heshima yake. Kufika saa nne asubuhi mwanafunzi mmoja alikuwa ameipiga picha na kuituma kwenye kundi la darasa, si kwa ubaya, aliguswa tu, na kabla ya jioni picha ilikuwa imefika Nyarugusu. Benita akaiona kwenye simu ya rafiki yake.

Alhamisi Therese alikuja, akaibandua karatasi, akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

"Nilikuandikia wewe, mwalimu," alisema. "Haikuwa ya batu bote."

Immakulata akaanza kueleza habari ya heshima na tuzo. Therese alimwacha amalize, kwa adabu.

"Leo siku tatu Benita ananiitaka madamu," akasema. "Kusema mama, hasemi tena. Ni madamu, maji iko wapi. Madamu, nimetoka."

Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata.

Maji yakimwagika hayazoleki, na Immakulata, aliyezoea kusahihisha ya wenzake, hakuwa na pa kuanzia. Alitaka kitu kimoja tu, msichana yule amwite tena Therese mama, na hicho hakimo katika uwezo wa mwalimu yeyote. Hata hivyo alihangaikia kibali cha kuingia kambini kwa siku tisa, akapanda bodaboda, akapita Makere, akafika ametapakaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Therese alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akarudi jikoni kusonga ugali. Ukarimu ule ulimuumiza kuliko matusi. Benita akatoka ndani, akakaa mbele yake, mikono magotini.

"Binti, kosa ni langu," Immakulata alisema. "Nilibandika kitu ambacho si changu. Mnisamehe, wewe na aliyekulea."

Msichana alitoa ile karatasi iliyokunjwa, akainyoosha juu ya paja, akaweka kidole kwenye tarakimu nyekundu.

"Hii themanini na tisa uliandika wewe?"

"Ni mimi."

"Kati ya mia?"

"Ndiyo."

"Hizo kumi na moja ulimukatia mama juu ya nini?"

Jikoni mwiko ukanyamaza. Therese alisimama mlangoni, mikono ina unga, hakusogea.

Immakulata aliisoma tena karatasi toka juu hadi chini. Kwa miaka yote ya kufundisha alikuwa hajawahi kukosa sababu ya alama aliyoikata.

"Sijui," alisema. "Sijui kabisa, mwanangu."

"Basi umurudishie," Benita akasema.