Siku Tuliyofukizwa Nyumbani kwa Mjumbe

Mwaka ule tulikula pilau nyeupe. Vitunguu vya nje vilizuiwa huko vitokako, vya hapa vikawa vya kutazamwa tu sokoni, na kila nyumba ya watu wetu wa Unguja hapa Maskati, tangu Azaiba mpaka huku kwetu karibu na viwanda vya Rusayl, ikapika pilau isiyo rangi, imepauka kama maiti aliyekwisha koshwa. Wengine walitia kitunguu cha unga, cha kopo. Mimi sikutia. Niliwaambia wanangu, kuleni hivyo hivyo, si nyinyi mnaosema mama hajui kupika bila kelele? Haya, leo pilau imenyamaza.

Si mwaka wa zamani. Majirani bado wanautaja kwa vitunguu. Mimi nautaja kwa mjukuu wangu.

Nimesoma chuoni nikahitimu msahafu, na skuli nilifika darasa la tatu Unguja; huku tulikuja nishakuwa mtu mzima. Sheria sizijui. Lakini binti yangu wa mwisho aliolewa na mtu wa Mombasa, fundi wa umeme, aliyekuja Maskati kutafuta riziki. Sikumtaka. Si kwa rangi yake wala kwa umasikini wake. Alikuwa akicheka mno, na mwanamume anayecheka kila saa kuna kitu anakikimbia. Binti yangu akafa kwa maradhi ya damu, mtoto bado mdogo, hajui hata kufunga viatu. Mcheshi wetu akalia siku tatu, akarudi kwao, akaoa, akaniachia mtoto wa kike na sanduku la nguo.

Basi mtoto kazaliwa hapa, Kiarabu chake ni cha hapa, safi kuliko changu, darasani wa kwanza kila muhula, na walimu wananipigia simu kunishukuru mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyefanya hisabu. Nami nashukurika, sikatai. Lakini kwa karatasi yeye ni mtu wa Mombasa, maana hapa mtoto hufuata uraia wa baba. Skuli ikimalizika, umri ukitimia, ruhusa yake ya kukaa imekwisha. Arudi kwao, wanasema. Kwao ni kwa baba ambaye hata sauti yake haijui.

Mwaka huo Baraza la kutunga sheria lilikuwa na rasimu, ndefu kama mkeka, na ndani yake kifungu kimoja kinachotuhusu sisi: mtoto wa mama Muomani abaki nchini kwa dhamana ya mama yake, na mama akiwa kafa, kwa dhamana ya bibi. Kikao cha mwaka kilikuwa kinakaribia kufungwa. Wapo wajumbe waliotaka kifungu kile kikatwe ili rasimu ipite upesi na kila mtu aende zake likizo. Na kinachokatwa mwisho wa kikao husubiri mwakani, kama kuna mtu atakikumbuka. Mwakani mjukuu wangu angekuwa ameshatimiza umri.

Kwa hiyo tukaanza kutembea nyumba kwa nyumba, sisi wanawake wa mtaa wenye watoto wa namna hiyo. Kiongozi wetu alikuwa jirani yangu, mwalimu mstaafu, mwanamke mwenye adabu mpaka anaudhi. Naye alikuwa na wajukuu wa baba mgeni, lakini wake bado wananyonya vidole. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na subira, inamgharimu nini?

Tulianzia misibani, maana huko ndiko wanawake wa kila nyumba hukutana, na hakuna anayeweza kukufukuza. Unakaa kwenye zulia, unasoma yasini yako, ukimaliza unamgeukia wa pembeni unamwambia habari ya kifungu. Nyumba moja mfiwa mwenyewe alinisikia.

"Nyinyi hamna haya?" akasema. "Mama yangu hajapoa kaburini, mnanitajia Baraza!"

"Mamako kashapata pa kukaa," nilimwambia. "Mjukuu wangu bado."

Mwalimu alinifinya paja mpaka likafanya alama. Lakini mfiwa yule yule ndiye aliyetupatia siku ya kwenda kwa mke wa mjumbe wetu, kwa kuwa ni binamu yake. Nadhani alitaka tu tutoke kwake.

Tulikwenda baada ya sala ya alasiri, gari la mwalimu limejaa wanawake na manukato. Mjukuu wangu nilimchukua makusudi. Nilitaka wamwone, kwa sababu kukata maneno kwenye karatasi ni rahisi kuliko kumkata mtu aliyekaa mbele yako. Njiani mwalimu akanigeukia.

"Bi mkubwa, nakuomba. Leo nasema mimi. Mdomo wako una kisu."

"Kisu ndicho kinachokata nyama," nikamjibu. "Adabu yako haijapata hata mfupa."

Wenzetu wakacheka. Mtoto akaona haya, akatazama dirishani.

Mke wa mjumbe alitupokea mlangoni mwa sebule ya wanawake, mwanamke mrefu, mzuri, nyusi zimechorwa kwa mkono usiotetemeka. Tulisalimiana naye shavu kwa shavu, mmoja mmoja, hujambo, watoto hawajambo, na mtoto wangu nyuma amebeba bakuli la halua tuliyowachukulia. Ilipofika zamu yake yule mwanamke hakutoa shavu. Alimtazama uso, akatazama bakuli, akamwambia kwa Kiarabu, "Peleka jikoni. Na huko kuna vikombe, msaidie mwenzio."

Mtoto akanitazama mimi. Mwalimu akanishika mkono kwa nguvu, akaninong'oneza, "Usiharibu, usiharibu." Na mtoto, kwa vile kalelewa, akaenda.

Tukakaa. Ndani walikuwamo wanawake wawili wa nyumba ile, dada za mjumbe, wanene, wametulia kama mito ya kuegemea. Ikaletwa fuala, yaani tende, matunda, halua ya kwao, si yetu, na kahawa. Aliyemimina alikuwa mtumishi wa nyumba, Mkenya, mtu mzima, kitambaa kichwani.

Sasa sikilizeni adabu ya huku inavyokwenda. Mwenyeji hukuuliza, kuna khabari gani? Nawe hujibu, hakuna khabari, kheri tu. Hata kama nyumba yako inaungua nyuma yako, utasema kheri tu. Kisha mnakula, mnakunywa, na mwenyeji akishaona mmetua, hukuuliza tena, na hiyo ya pili ndiyo ya kweli. Hapo ndipo unatoa lililokuleta. Sisi tuliokuja kutoka Unguja tulijifunza adabu hii ukubwani, na kwa sababu tulijifunza ukubwani tunaishika kuliko wenyewe, tusije tukaambiwa hatujui.

"Kuna khabari gani?" mke wa mjumbe akauliza.

"Hakuna khabari, kheri tu," mwalimu akajibu, amenyoosha mgongo kama yuko mbele ya mkaguzi.

Tukala. Tukanywa. Mwalimu akasifia mapazia. Akasifia tende. Nikamwona anasubiri swali la pili, midomo ishakaa tayari. Na mke wa mjumbe akageuka mlangoni, akapiga kofi moja.

Ukaingia udi.

Kwetu Unguja udi ni wa kumpokea mtu. Hapa ukiletwa baada ya kahawa, maana yake mazungumzo yamekwisha, na baada ya udi hakuna kuketi, hata mtoto wa hapa anajua. Mkenya akapita na chetezo kwa kila mmoja, na wenzangu, Mungu awasamehe, mimi sijawasamehe, wakainua shela zao, wakajifukiza, wakasema mashallah udi mzuri, wakasimama! Wanawake waliokwenda misiba ya mji mzima, waliotukanwa, wamefika nyumba yenyewe, wamefukizwa kama nguo za sandukuni, na wanashukuru. Mwalimu wa kwanza. Alikuwa ameshashika mkoba.

Mkenya akanifikia mimi. "Shosh, shika, ujifukize. Wenzako washaenda."

"Mimi si shosho wala bibi yako. Wako yuko kwao anachimba viazi. Ondoa moshi wako."

"Haya nyanya. Lakini madamu ataniuliza mimi."

"Akikuuliza mwambie nna khabari."

Mke wa mjumbe alikuwa mlangoni anawaaga wenzangu. Akageuka. "Kheri, khala?" akaniuliza, yaani mama mkubwa.

"Kuna khabari," nilisema, kwa Kiarabu changu kilichovunjika mguu.

"Nilikuulizeni. Mkasema hakuna."

"Ile ilikuwa adabu."

"Na udi pia ni adabu."

Dada za mjumbe wakacheka matumbo yakatikisika. Mmoja akamwambia mwenzake, wala hakushusha sauti, "Watu wa Zinjibari hawa! Ukiwapa halua watataka na nyumba."

"Nyumba nnayo," nikamwambia. "Na ukila halua ile tuliyoleta utajua kwa nini nyinyi mnatuhusudu."

Nikasema lililonileta. Nilisema vibaya, nikachanganya Kiarabu na Kiswahili, lakini nilisema lote: kifungu, binti yangu aliyekufa, umri unaotimia. Yule mwanamke alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kaweka upande, kama mtu anayemsikiliza kasuku.

"Lile?" akasema. "Lile limekatwa, khala. Leo asubuhi. Mume wangu mwenyewe alinyanyua mkono, maana watu wamechoka. Kesho wanasoma mara ya mwisho na kufunga."

Leo asubuhi. Kwa hiyo alipokuwa ananipa tende alijua. Alipouliza kuna khabari gani, khabari alikuwa nayo yeye.

Mwalimu alisikia kule mlangoni, mguu mmoja umo katika kiatu. Nilidhani atarudi. Akasema, "Kheri inshallah. Mwakani tutaanza mapema." Akatafuta kiatu cha pili.

Ndipo mjukuu wangu akatoka jikoni, mikono inachuruzika maji. Aliona wenzetu wanatoka, akaona mimi nimekaa peke yangu katikati ya moshi.

"Nyanya, huyu ni wako?" Mkenya akaniuliza. "Ameosha vikombe vyote. Nimemwambia aache, akakataa."

Nikamwambia mke wa mjumbe, "Huyu ndiye. Huyu ndiye mliyemkata asubuhi."

Akamtazama mtoto, safari hii vizuri, kuanzia juu mpaka miguuni. Nikasubiri uso ubadilike. Haukubadilika, hata nyusi hazikusogea.

"Mimi nilidhani mtumishi," akasema. "Haidhuru. Huko aendako, kuosha vikombe kutamfaa."

Mtoto wangu ana Kiarabu, nimeshasema. Hakuna neno lililompita. Akajifuta mikono kwenye baibui lake jipya, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, "Bibi, twende."

"Kaa."

"Bibi, tafadhali."

"Nimesema kaa."

Akakaa pembeni yangu, mikono mibichi juu ya hariri ya watu.

Mkenya alikuwa bado amesimama na chetezo chake, hajui akipeleke wapi. Akainama kwangu, "Nyanya, hata mimi ni wa huko. Si kubaya hivyo."

"Kama si kubaya, mbona umekuja kufukiza watu hapa?"

Akainuka, akarudi nyuma na chetezo. Simwonei huruma. Aliniambia kitu cha kijinga, nikamjibu, na yeye anao mdomo.

Honi ya gari la mwalimu ikalia nje mara mbili. Mke wa mjumbe akasema, "Khala, wenzako wanakungoja." Kisha akasema mumewe anakaribia kurudi, si vizuri. Kisha, alipoona sitikisiki, akasema pole pole, kwa ile sauti ambayo watu humwambia mtoto aliyejikojolea, "Unataka niwaite vijana wa nyumba wakuinue? Mwanamke wa umri wako? Mbele ya mjukuu wako?"

Dada za mjumbe safari hii hawakucheka. Walikuwa wanangoja waone.

Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa maana Kiarabu kilikuwa kimeniishia. "Siondoki, na mtoto haondoki."

Honi ikalia tena, kisha nikasikia gari linaondoka. Adabu yao iliwachukua mpaka nyumbani.

Mjumbe aliingia kabla ya magharibi. Alisimama kwenye kizingiti, macho chini kama inavyompasa mwanamume kwenye sebule ya wanawake, kilemba kimefungwa vizuri, mtu mpole. Hilo ndilo lililonichoma, upole wake. Mkewe akamweleza kwa maneno machache, na katika maneno hayo mimi nilikuwa bi kizee mmoja.

"Mama," akaniambia, "rudi nyumbani upumzike. Jambo limekwisha kwa mwaka huu. Mlango wangu uko wazi, mwakani tutalitazama."

"Mwakani mtoto hayupo," nikamjibu kwa Kiarabu kidogo kilichosalia.

"Si mwisho wa dunia. Atakuja kukutembelea. Kuna ruhusa za ziara."

Mjukuu wangu aje kwangu kwa ziara! Aje kwenye kitanda chake kwa ziara, kwenye kaburi la mama yake kwa ziara, agongewe muhuri.

"Kesho mnasoma mara ya mwisho," nikamwambia. "Kesho mdomo unao. Mkono uliokikata kifungu asubuhi, uunyanyue kesho wakirudishe."

"Mama, haiwezekani. Watu watanicheka."

Watu watamcheka. Nikamwambia kwa Kiswahili yale yale niliyomwambia mkewe. Akageuka kwa Mkenya, kwa maana Kiswahili hakijui. "Anasema nini huyu?"

Mkenya akafungua mdomo kunifasiria. Nikamzuia kwa mkono. Nikamtazama mjumbe mpaka akalazimika kuinua macho, nikamrudishia, neno kwa neno, kwa lugha yangu, akaulizie maana yake mwenyewe:

"Siondoki, na mtoto haondoki."