Wifi Alivyolifungua Trekta

Wifi yangu alikuwa fundi cherehani. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kibaraza kile kile, mguu juu ya pedeli, akishona sare za shule na suruali za watu wanene waliokosa saizi dukani. Trekta halikuwa lake wala hakuwa na habari nalo. Lilikuwa la mume wake, yaani kaka yangu, naye alilipenda kiasi kwamba tulikuwa tukimtania wifi kuwa ameolewa mke wa pili.

Kisha presha ikampiga kaka. Mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi, na maneno yakampotea yote isipokuwa mawili: "bado" na "hapo". Alikuwa akiketishwa kwenye kiti chini ya upenu, macho kwa trekta lake.

Na trekta nalo likaanza kuumwa. Linawaka vizuri, linaunguruma dakika kumi, linakohoa, linazima. Ukiliacha lipumzike linawaka tena, dakika kumi, kimya. Kila likizima tulimwita mdogo wetu wa mwisho aje kulitengeneza. Yeye ana gereji kando ya barabara na watu wote wanamwita Injinia, ingawa hakuna chuo kilichowahi kumwona. Alikuja na mkoba wake wa spana, akatufukuza: "Kaeni mbali, dizeli inaruka." Akachokonoa huku na kule, likafanya kazi siku mbili, likarudia yale yale. Misimu miwili ya kulima ikapita hivyo, shamba likaota majani yanayofika kiunoni, na kaka anatazama.

Siku moja Injinia akapita kibarazani, wateja wamejaa. Akasema, "Shemeji, lile ni chuma chakavu tu. Niachie nilichukue, upate nafasi uani."

Wifi akamwambia labda ajaribu kulitazama mwenyewe kwanza. Injinia akacheka hadi akashika nguzo. "Wewe? Shemeji, injini haina pindo wala kifungo. Baki na sindano zako."

Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Wifi naye akacheka. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona alivyozibana zile pini alizokuwa ameshika midomoni. Alizibana mpaka damu ikatoka.

Kesho yake alianza kwa kuliosha. Siku tatu nzima, maji, sabuni na mswaki wa zamani, hadi matope ya miaka yakatoka na akaanza kuona boliti ziko wapi. Kaka alikuwa na kitabu cha lile trekta, kimeandikwa lugha asiyoijua yeyote kwetu, lakini kina michoro. Wifi alizoea michoro. Alitandika shuka kuukuu chini, na kila nati aliyofungua aliilaza kwa mpangilio wa kufunguliwa kwake, kisha akaichora kwenye daftari la vipimo vya wateja. Ukurasa mmoja una kiuno cha mwalimu mkuu, unaofuata una kikombe cha filta ya dizeli.

Msifikiri aliweza mara moja. Oili aliijaza kupita alama, ikamwagika kama uji. Kikombe cha filta alikikaza kwa hasira mpaka gasketi ikachanika, ikabidi akate nyingine kwa mkasi wake wa kushonea. Ile ilikaa vizuri kuliko ya dukani, na hapo akapata moyo kidogo. Lakini alipobadilisha filta, trekta halikuwaka kabisa. Alipiga stata mpaka betri ikalegea.

Kaka kwenye kiti akawa anahangaika, kidole cha mkono wa kushoto kinaonyesha ubavuni mwa injini. Wifi akagusa boliti moja. "Bado," kaka akasema. Akagusa nyingine. "Bado." Akagusa kijiboliti kidogo juu ya filta. "Hapo!"

Alikilegeza. Akapampu kwa kijiti cha mkono cha pampu ya mafuta, na dizeli ikaanza kutoka na povu, inafoka kama soda. Hewa ilikuwa imeingia kwenye mafuta. Akaendelea kupampu hadi povu likaisha na dizeli ikatoka safi, akakaza, akapiga stata. Likawaka. Kaka alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

Baada ya dakika kumi likazima.

Wifi aliniambia kwamba alitukana matusi ambayo hakujua kama anayajua. Kisha akakaa chini, akafikiri kama fundi cherehani. Uzi ukikatika kila mara, mjinga anabadilisha sindano. Anayejua anaanza kwenye kigurudumu cha uzi, anaufuata mpaka mwisho. Basi akaanza kwenye tangi. Alichomoa paipu ya mafuta: dizeli ikatoka kwa nguvu, ikapungua, ikawa matone. Na tangi lilikuwa limejaa nusu.

Akalimwaga lote kwenye madumu, akafungua koki ya chini, akaingiza waya wenye ndoano. Ukanasa kitu. Alivuta, kikatoka: kipande cha kitambaa cha buluu, kimefungwa fundo, kinene kiasi cha kukaa mdomoni mwa paipu na kuyabana mafuta taratibu.

Alikifungua fundo. Pembeni kilikuwa na pindo la mishono miwili inayokaribiana sana, na hiyo mishono ilikuwa yake. Ovaroli la buluu la Injinia alilishona yeye mwenyewe, akampa kama zawadi mwaka alipofungua gereji.

Akageuka kumwonyesha kaka. Uso wa kaka haukushangaa hata kidogo. Alikuwa akijua, au amehisi muda mrefu, na maneno ya kusema hakuwa nayo. Wifi anasema ni hilo lililomchoma, kuliko hata kitambaa chenyewe.

Hakumwambia mtu, hata mimi. Alikifua kile kitambaa, akakipiga pasi, akakitia kwenye droo ya cherehani. Trekta alilijaribu siku ambazo Injinia huenda mjini kununua spea. Lilipokwisha kuwa sawasawa, akaenda gereji mwenyewe, sauti ya unyonge.

"Shemeji, umenishinda. Lichukue. Ila tukae kikao kwanza, uwaeleze ndugu ubovu wake, nisije nikasemwa kwamba nimeuza mali ya mume."

Jumamosi tukakusanyika uani: mama, baba mdogo, mimi, na kaka kwenye kiti chake. Injinia alikuja na mnunuzi kabisa, mkulima wa ng'ambo ya mto. Nami niseme ukweli: niliingia kwenye kikao kile nikiwa nimekubali liuzwe.

Injinia akasimama akaeleza. Pampu imekufa, pistoni zimelika, spea zake hazitengenezwi tena. "Hata ukilibembeleza, halimalizi robo saa."

"Rudia, shemeji," wifi akasema. "Mama hakusikia vizuri."

Akarudia, kwa sauti zaidi.

Wifi akapanda, akapiga stata, likawaka kwa mkupuo mmoja. Akashuka, akatugawia chai. Tukanywa bila kusikilizana kwa ngurumo. Robo saa ikapita. Nusu saa. Injinia kikombe chake hakukigusa, jasho linamtiririka kwenye masikio. Ndipo wifi akaenda ndani, akarudi na sahani, juu yake kile kitambaa kimekunjwa vizuri.

"Hiki kilikuwa kooni mwa trekta," alisema. "Mshono wangu naujua."

Wa kwanza kusema alikuwa mnunuzi. Alimtazama Injinia, akauliza taratibu, "Na langu mimi, linalozimazima kila wiki?"

Lake halikuwa na kitambaa, lilikuwa na maji tu kwenye filta. Wifi alimwonyesha kuyamwaga. Na hapo ndipo alipopata njia ya kumkalia Injinia kooni. Alitembea trekta moja hadi jingine, manane kwa jumla, akawafundisha wenyewe kumwaga maji, kubadilisha filta, kutoa hewa. Bure kabisa, na bure hiyo ndiyo iliyoimaliza gereji. Leo Injinia anaziba pancha za baiskeli.

Mama alikwenda kumwomba. "Mwanangu, ni mdogo wenu. Msamehe."

"Mama, naweza kumsamehe misimu yangu. Ya mume wangu si yangu kuisamehe." Mama alikasirika, akakaa miezi mingi bila kuja.

Juzi wifi alikuwa anataka kubadilisha kluchi, kazi inayotaka trekta ligawanywe katikati. Nilipopita kwa Injinia akaniuliza, bila kuinua kichwa kwenye beseni lake la maji, "Dada, ni kweli analigawa?"

"Kweli."

"Jeki peke yake haitoshi. Litamwangukia. Aweke magogo, mbele na nyuma."

Nilifikisha. Wifi akasimama na spana mkononi, akafikiri. Kisha akaniambia nimshikie upande mmoja wa gogo, tukaliburura mpaka chini ya injini, tukarudi kuchukua la pili.

"Nimwambie ahsante?" nikauliza.

"Sukuma," wifi akasema.