Dua Iliyogeuka Visanduku

Juzi, kwenye duka la kuchapisha huko Majengo, bibi mmoja alileta flashi ya marehemu mumewe. Ndani mlikuwa na dua ya maharusi aliyoitunga zamani, na bibi alitaka isomwe kwenye harusi ya mjukuu wao.

Faili ikafunguka, lakini kompyuta mpya iligeuza herufi zote za Kiarabu kuwa visanduku vitupu.

"Niwie radhi, bibi. Haisomeki," mhudumu akasema.

Bibi akaweka kidole kwenye kisanduku cha kwanza, akasoma kwa sauti mpaka mwisho, bila kukwama. Sote kwenye foleni tukaitikia, "Amin."

"Kumbe waijua kwa ghibu?" mhudumu akashangaa.

"Marehemu akiirudiarudia sebuleni, nami niko jikoni napika."

Nami niliyezoea kulalamika kwamba nyumbani sisikilizwi, malalamiko yangu niliyaacha pale kwenye foleni.