Maombi ya Kufukuza Wageni

Nilichaguliwa kuwa prezida wa komite ya mtaa wetu, hapa Shituru, kwa sababu nina sauti kubwa na nilichelewa kukaa. Viti vilikuwa vimekwisha. Aliyebaki wima ndiye aliyepewa cheo.

Komite ilikuwa na kazi moja: kuzuia nyumba tunazopanga zisigeuzwe vyumba vya wapita njia. Balaa lilianzia kwa mwenye nyumba wetu, anayeishi Lubumbashi. Nyumba yake ina milango miwili. Mlango mmoja ni wetu tangu baba alipokuwa kiwandani. Wa pili ulibaki wazi jirani alipohama. Mwenye nyumba akapaka rangi, akaingiza kitanda kipya na televisheni, akatangaza picha kwenye simu, na wageni wakaanza kuja. Wanalala usiku mmoja au miwili, wanakwenda. Kisha akanipigia simu, akasema bila kuzunguka: "Ikitembea muzuri, nitatengeneza na upande yenu."

Wazazi wetu walipofariki, wajomba walikaa kwenye kilio wakatugawa: huyu Kolwezi, yule Kakanda, mdogo kabisa Lubumbashi. Mimi, mkubwa, nikasema hakuna anayeondoka, kisha nikaacha shule nikauze makaa sokoni, maana neno kubwa kama lile lilihitaji kulishwa. Tangu hapo tumekaa pamoja chini ya bati lile. Tukilipoteza, wajomba wangali hai na wana kumbukumbu nzuri.

Mkutanoni mmoja alisema tuwafungie wageni maji. Tukakumbuka kwamba robine ya maji ni moja, sisi wote tunachota hapohapo. Ndipo nikatoa wazo langu. Mtaa wetu umejaa watu wa maombi, kila alfajiri kila nyumba inaomba kivyake. Tuyahamishe maombi yote, pamoja na ngoma, chini ya dirisha la wageni. Nani atamshtaki mtu kwa kuomba? Na mtu aliyelipa ili alale, akiamshwa na ngoma, hatarudi. Nilisema hayo kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kulipia kitanda popote.

"Yaya," mdogo wangu wa kike akaniambia nyumbani, maana ndivyo tunavyomwita mkubwa, "weye hauombaka ata mbele ya kula."

"Nitajifunza."

"Na kuimba? Mbuzi ya jirani inakupita."

Mgeni wa kwanza kuamshwa, mchuuzi wa madini, alitoa kichwa dirishani, akatutukana, akaondoka kabla ya chai. Wa pili aliondoka bila kututukana. Tulimshukuru Mungu kwa wote wawili, ingawa sikuwa na hakika kama inaruhusiwa.

Halafu akaja mama mmoja kutoka Kasai. Mtoto wake amefungwa gereza la Buluo, na yeye alikuwa amesafiri kumpelekea chakula. Ngoma ilipoanza, mlango ukafunguka, mama akatoka amejifunga kitenge. Nikajiandaa kutukanwa. Yeye akaingia katikati yetu, akaimba kwa Kiluba cha kwao kutushinda sote. Nusu ya mtaa, ambao babu zao waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, wakaanza kulia.

"Bandugu," akasema, "muniombee mutoto. Iko mu gereza. Prezida wa maombi ni nani?"

Vidole vyote vikanielekea. Sijawahi kuona komite yenye umoja namna ile.

Nikaomba, kwa urefu na vibaya. Nikamsihi Mungu amfungulie kijana mlango, nikakumbuka ni mlango wa gereza, nikaongeza haraka, "kwa njia ya sheria." Mama akasema amina kwa nguvu.

Akawasimulia wenzake. Wakaja mama wengine wenye watu wao Buluo, wakaja wafanyabiashara wa Kakanda wanaopenda kuanza siku kwa maombi. Chumba hakikukaa tena bila mtu. Alfajiri wageni, pamoja na waliolala kwingine, walikuwa wengi kuliko komite iliyokuja kuwafukuza.

Mwenye nyumba akatoka Lubumbashi kuja kujionea. Nilisimama mlangoni, wadogo zangu nyuma yangu, na hotuba ya uyatima tayari mdomoni.

"Weye njo unaombeshaka bantu hapa?"

"Ni miye, papa."

"Bageni baliandika mu simu: kitanda ni muzuri, lakini maombi inapita kitanda." Akatazama upande wetu, ukuta wenye nyufa, bati lenye kutu. "Nikikutosha inje, nani ataomba?"

Nikamletea kiti.

"Bakia. Lakini maombi isikosekane."

"Na akigonjwa?" mdogo wangu akauliza kutoka nyuma.

"Utamuamusha."

Sasa naamka kabla ya jogoo, kila siku, nikiwa na koo lililokauka na imani ya kuazima. Wadogo zangu wako wote. Mwenye nyumba ya ng'ambo ya barabara ameona jinsi tunavyofanikiwa, naye ameanza kupaka rangi. Mpangaji wake, mwenye watoto watano na mwanakomite tangu siku ya kwanza, alikuja jana jioni. Nilidhani amekuja kuniita msaliti, na nilikuwa tayari kumkubalia. Alisimama akizungusha kofia mikononi.

"Prezida," akasema, "na kwangu utakuya kuomba?"

Nikamwambia nitakuja. Tumekubaliana ngoma ikae katikati ya barabara, isikike nyumba zote mbili.