Mume Wangu Ndiye Anayelipa, Sasa Anadai Niliyomwambia Mshauri

Habari zenu wana familia. Admin, nakuomba sana ufiche jina langu, maana Tunduma hii ni ndogo na ndugu wa mume wangu wanapita humu. Hata majina nitakayotaja nimeyabadilisha.

Mimi ni mama wa miaka 33, nina miaka kumi na moja kwenye ndoa. Mume wangu anashughulika na kutoa mizigo hapa mpakani, mimi nauza vitenge nyumbani. Tuna binti wa miaka tisa, Glori. Tulikuwa na mdogo wake, Brayani. Miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka miwili na nusu, aligongwa na lori lililokuwa linarudi nyuma mbele ya geti letu. Hakufika hata hospitali.

Wakati huo tulikuwa tunaishi na wifi yangu Tusekile, dada wa mume wangu, mtu mzima aliyeachika akaja kujipanga upya kwetu. Asubuhi ile alitoka kwenda sokoni. Haikupita saa moja mtoto akakutwa barabarani, geti wazi. Kila mtu akasema Tusekile ndiye aliyeacha geti. Mume wangu alimwambia mbele ya waombolezaji, "Umeniulia mtoto. Kwangu usikanyage tena." Tusekile hakubisha. Alikuwa analia tu na kusema labda kweli alisahau. Tulipomaliza kuzika kwao Ileje, hakurudi na sisi. Sasa yuko Isongole anauza maharage, na kaka yake hapokei simu zake mpaka leo.

Ndugu zangu, Tusekile alifunga geti. Nilisikia komeo likiingia. Mimi ndiye niliyefungua baadaye, nikampokea mteja wangu kutoka upande wa Zambia. Alipoondoka sikurudishia geti, nilikuwa kwenye simu nambembeleza mteja mwingine achukue doti tatu. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa hofu. Ya pili kwa aibu. Ya tatu watu walishakubaliana, nikaliacha likae hivyo.

Tangu hapo sikuwa mtu. Lori likilia ule mlio wa kurudi nyuma nashika ukuta, na nyie mnajua hapa malori hayaishi mchana kutwa. Nikakonda, nikawa nampiga Glori kwa makosa madogo. Mume wangu, na hapa niseme ukweli, ni mwanaume mwema, akauliza uliza mpaka akampata mama mmoja mshauri wa kisaikolojia kule Vwawa. Akasema atalipa yeye kila ninapokwenda, hata nikihitaji mwaka mzima.

Siku ya kwanza nilimuuliza yule mama, "Haya nitakayosema yatamfikia nani?"

Akaniambia, "Hayatoki humu. Labda nione unataka kujidhuru au kumdhuru mtu, au kuna mtoto yuko hatarini, au mahakama iniamuru. Na hata hapo nitakuambia wewe kwanza." Akaniuliza kuhusu Glori, akaniuliza sana, mpaka akaridhika. Safari ya nne nikamwambia yote. Nililia mpaka nikapaliwa. Siku ile nilirudi nikapika, nikala na wanangu, samahani, na mwanangu.

Shida imeanza mwezi huu. Mume wangu alinisindikiza, akaingia na mimi ndani, akasema, "Mama, mimi ndiye ninayelipa. Nataka kujua mke wangu anasumbuliwa na nini."

Yule mama akamjibu kwa upole, "Baba Glori, unalipia muda wangu. Maneno ni ya mkeo. Akitaka kukuambia, nitakaa nanyi wote wawili."

"Kwa hiyo lipo la kuniambia?"

"Sijasema lipo wala halipo."

Tulipofika nyumbani akafunga mlango akanitazama. "Mama Glori, ni nani huyo mwanaume?" Nikaapa hakuna mwanaume. Akasema, "Kama hakuna, basi niambie kile unachomwambia mtu baki. Nakupa mpaka Jumapili. La sivyo nakurudisha kwenu Mbozi, na huko Vwawa silipi tena."

Nilimpigia mshauri nikamwomba yeye ndiye amwambie mume wangu, mimi nitaondoka nisiwepo. Akakataa. Akasema, "Ukiniruhusu nitakaa pembeni yako, nitakushika mkono. Lakini kusema utasema wewe." Nilikasirika nikakata simu. Niliona ananiacha njiani.

Halafu juzi Tusekile akaniandikia ujumbe. Nanukuu kama ulivyo: "Wifi, najua mimi ndiye niliyekutoa mtoto mikononi. Nimefunga na kuomba wiki nzima. Kama huwezi kunisamehe mwaka huu, nitaomba tena mwakani. Nisalimie kaka."

Mpaka sasa sijamjibu. Nimeusoma nikiwa jikoni, nikakaa chini kwenye sakafu.

Leo ni Ijumaa. Nikinyamaza, mume wangu ataamini nina mwanaume, na ndoa itavunjika kwa uongo. Nikisema, huenda ikavunjika kwa ukweli, na Glori atajua mama yake aliacha geti. Dada yangu, ambaye ndiye pekee niliyemweleza zaidi ya mshauri, anasema, "Siri umeilipia, itunze. Tusekile ameshazoea." Lakini mtu anazoeaje kuua ambako hakuua?

Naomba msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nadhani nitasema. Ila nani awe wa kwanza kusikia? Nikae na mume wangu kesho mbele ya mshauri, kwa kikao hiki cha mwisho alichokwisha kukilipia? Au nipande gari kesho alfajiri niende Isongole nikapige magoti kwa Tusekile kwanza, yeye ndiye aamue kaka yake ajue vipi? Waliowahi kubeba kitu kama hiki, nishaurini jamani, nianzie wapi?